Ubongo wa Nyungunyungu Unaofanya Kazi ya Tezi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Masasi, mkoani Mtwara. Kitabu chetu cha baiolojia kinasema kuwa ubongo wa nyungunyungu una seli za neva zinazotoa homoni. Nilifundishwa kwamba neva husafirisha taarifa kwa umeme, na kwamba homoni ni kazi ya tezi. Je, seli moja yaweza kufanya yote mawili? Na je, seli hizo ndizo zinazowafanya nyungunyungu watoweke kiangazi na kuonekana tena mvua zikianza?

JIBU: Ndugu msomaji, yaweza, na wewe mwenyewe unazo seli za namna hiyo. Katika haipothalamasi ya binadamu, yaani sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, zimo seli za neva zinazotengeneza homoni ya oksitosini, inayosaidia wakati wa kujifungua, na homoni inayopunguza mkojo, kisha zikazipitisha ndani ya aksoni, yaani mikia mirefu ya seli hizo, hadi sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, ambako huingia katika damu. Mjerumani Ernst Scharrer alieleza jambo hili mwaka 1928 baada ya kuchunguza ubongo wa samaki. Wengi hawakumwamini, naye mkewe, Berta Scharrer, akalitafutia ushahidi kwa wanyama wasio na uti wa mgongo, wakiwamo minyoo wenye pingili.

Ubongo wa nyungunyungu ni mafundo mawili madogo ya neva yaliyoungana juu ya koromeo. Ukikatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi ya paraldehaidi-fuksini, baadhi ya seli zake huonekana zimejaa chembechembe zilizokolea, ambazo wingi wake hubadilika mnyama anapokomaa kuzaa au anapojeruhiwa.

Hata hivyo, rangi haithibitishi kazi, na hapo ndipo vitabu vya shule hupita haraka mno. Ushahidi wenye uzito ulitokana na upasuaji, kwa kuwa nyungunyungu akitolewa ubongo hafi. Nyungunyungu wa jamii ya Eisenia wakifanyiwa hivyo huacha kutaga. Nyungunyungu wa jamii ya Lumbricus terrestris, kwa upande wake, hujaa maji mwilini huku chumvi katika umajimaji wake ikipungua, na akidungwa rojo la ubongo hali hiyo hurekebika. Jaribio la aina hii halina maana bila kundi la pili linalopasuliwa vilevile lakini likaachiwa ubongo wake, kwani jeraha peke yake humvuruga mnyama. Tena mtafiti asikawie kupima, maana ubongo huweza kuota upya.

Kuhusu kiangazi, nakusihi usizipe homoni sifa yote. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, nayo haipitishi oksijeni isipokuwa na unyevu. Kwa hiyo udongo wa juu ukikauka huchimba kwenda chini, na jamii nyingine hujikunja ndani ya chumba kidogo kilichopakwa ute, zikasubiri maji. Homoni za ubongo zina sehemu yake katika kudhibiti maji ya mwili, ila ukavu wa udongo ndio unaoanzisha safari hiyo. Mkiwa na nafasi, chimbeni mwezi wa Septemba chini ya mkorosho penye majani yaliyooza na pia mahali peupe penye jua, mkilinganisha unyevu na kina mnachowakuta; hilo ni zoezi linalowezekana shuleni kwenu bila kumpasua mnyama yeyote.