Shangazi, mama yangu hajui kuwa nimesilimu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, Mchaga wa Rombo, nimeolewa Tanga. Nyumbani wanajua tulifunga ndoa bomani. Kwamba nilitoa shahada miezi minane iliyopita hawajui. Nasali, ila Kiarabu kinanishinda na mawifi wananicheka. Mama mkwe ananiita Zaituni, anasema Neema ni jina la kikafiri, nisiliitikie. Desemba ndugu wote wanapanda Rombo na mama anauliza nafika lini. Nimwambie naumwa?*
*Neema, Tanga*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo jina, maana naona limekuchoma. Neema ni neno la Kiarabu kabla halijawa la Kiswahili, na limo ndani ya Kurani mara nyingi. Anayesilimu halazimiki kubadili jina, isipokuwa lina maana mbaya. Zaituni nalo zuri. Ukilipenda lichukue, lakini liwe chaguo lako.

Hao mawifi wamesahau walikotoka. Mimi nimezaliwa ndani ya dini, nikapelekwa chuo cha Kurani mdogo kabisa, na bado Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, aya saba tu, ilinitoa machozi. Wewe una miezi minane. Bi Aisha, mke wa Mtume, amesimulia kutoka kwake, na Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wameipokea, kwamba anayesoma Kurani kwa kubabaika na kwa taabu ana malipo mawili. Tafuta mwanamke anayesomesha watu wazima, Tanga hawakosekani, usome naye pembeni, sura fupi moja moja.

Sasa mama.

Usimwambie unaumwa. Utaumwa Desemba hii, na Pasaka je? Siku moja atakutana na mtu wa Tanga atakayemwambia "mwanao Zaituni hajambo", naye ajue kwamba umemficha. Hapo dini yako ndiyo itakayobeba lawama ya uongo wako, na hilo linaniuma kuliko yote. Ajue kwa mdomo wako, kabla ya safari, kwa simu mkiwa wawili tu. Atalia. Mwache alie, usianze kumhubiria.

Anayekuambia kusilimu ni kukata ukoo, msomee sura ya Luqman aya ya 15: wazazi wakikushikilia umshirikishe Mungu usiwatii, lakini kaa nao kwa wema. Asmaa binti Abubakar, sahaba wa Mtume, alijiwa na mama yake ambaye hakuwa Muislamu, akamuuliza Mtume kama amuunge, yaani adumishe undugu naye kwa wema. Akajibiwa: ndiyo, muunge mama yako.

Basi panda Rombo, na mumeo akiweza mpande wote. Chakula kisikutishe. Mwombe baba mbuzi achinjwe na Muislamu. Uchagani wapo, tena wa vizazi, na nyumba nyingi hufanya hivyo ili kila mgeni ale. Kitimoto, yaani nguruwe, na mbege, pombe ya ndizi, utavipita kimya kimya, bila kukunja uso. Asubuhi wakienda kanisani, baki jikoni upike, warudi wakute chakula tayari. Mama yako ataona mikono ile ile aliyoilea.

Kwa mama mkwe, mumeo ndiye aseme, si wewe.

Na mama yako akikuita Neema, mwanangu, itika.