Mti wa krismasi: wa plastiki, saiprasi ya bara au mvinje wa hapahapa?

SWALI: Mjomba shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, twaishi Mikindani. Tuna mti wa plastiki tulinunua mjini miaka minne iliyopita, umeanza kunyonyoka lakini wasimama bado. Sasa huyu msichana wangu wa gredi ya 5 amefundishwa shule vile plastiki inaharibu bahari, amekuja nyumbani ati tuutupe tununue mti wa kweli. Kuna jamaa huleta saiprasi na lori kutoka bara, nilipouliza bei akaniambia elfu mbili na mia tano, nikashika njia yangu. Baba yao naye asema twende tu ufuoni tukate mvinje wa bure. Imekuwa bunge hapa ndani. Upi ndio hauharibu mazingira? (Mama Watatu, Mikindani)

JIBU: Marahaba mama. Mimi ni mtu wa Idi, krismasi yangu ni kukaa barazani kwa jirani nikingoja sahani ya pilau, lakini mambo ya miti ntakwambia.

Huyo binti mwalimu wake hajakosea, ila yeye ameruka hatua moja. Ubaya wa mti wa plastiki mwingi ulishafanyika siku ule mti ulipotengenezwa, manake mingi yatoka China na matawi yake ni PVC, ile ile ya mabomba ya maji, na ndani mna waya na chuma, kisha ikapakiwa melini. Kuutupa leo hakurudishi hata chembe. Carbon Trust, shirika la Uingereza, walipiga hesabu wakaona mti wa plastiki wa mita 2 una kama kilo 40 za hewa ya ukaa. Mti wa kweli wa urefu huo huo ukitupwa jalalani ukaozea huko ni kama kilo 16, na ukichomwa au ukasagwa ukawekwa shambani ni kama kilo 3 na nusu tu. Hizo ni hesabu za kwao, za kwetu haziwezi kulingana sawasawa, lakini hebu zigawanye uone: wako wa miaka minne umeshaushinda mti wa kweli wa kutupwa jalalani kila mwaka, ila kuushinda ule uliotumika vizuri lazima ufike kama miaka 12. Yaani huyo binti atakuwa ameshamaliza sekondari na mti ungali sebuleni!

Na hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, mti ni ule ule mmoja, mbona mara kilo 16 mara 3 na nusu? Ni Januari. Ukifukiwa chini ya lundo la taka pale Mwakirunge hewa haifiki, basi waoza ukitoa gesi ya methani na hiyo hupasha dunia joto kuliko hewa ya ukaa. Ukiutia mekoni, unarudisha tu ile hewa ya ukaa mti wenyewe uliivuta ulipokuwa ukikua. Watu wote huuliza ninunue upi, hakuna hata mmoja ameniuliza ikishaisha sikukuu mti waenda wapi.

So wa plastiki usitupe. Upande ulionyonyoka uelekeze ukutani, au chomeka vijitawi vya mvinje kwenye vipara, hakuna atakayejua. Na siku ukifa kabisa tafadhali usiuchome uani, PVC ikiungua yatoa moshi wa asidi na sumu za daioksini, na majirani wana watoto. (Naona watu wachoma mabomba mabovu kila Jumamosi kama vile ni makuti, sijui tukoje.)

Saiprasi sina ugomvi nayo sana. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani, huko bara wameipanda wenyewe kwa mbao na nyua, lakini kuitoa huko juu mpaka Mombasa ni karibu kilomita 500 kwa lori, kisha na joto hili la kaskazi kabla hata ya sikukuu imeshakauka kau, na ikikauka mshumaa mmoja watosha kuwaunguzia nyumba.

Mzee wako sasa. Mti amepatia, mahali amekosea. Mvinje wa ufuoni huzuia upepo na huwapa watu kivuli, na ukiukata chini haurudi kirahisi kama mwarobaini, halafu si wake. Mvinje ni mti wa heshima hapa pwani. Yale machimbo ya saruji Bamburi yalipobaki mawe matupu, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971, mingi ikafa ila mvinje ukashika, kwa sababu mizizi yake yakaa na vijidudu vinavyoutengenezea mbolea ya naitrojeni kutoka hewani. Majani yakaanguka yakarundikana bila kuoza, wakaleta jongoo wakayala wakayageuza udongo. Ndio leo mwaona msitu pale Haller Park mwawapeleka watoto kulisha twiga.

Basi atafute mkulima wa mvinje Kilifi au Kwale. Wako wengi, wapanda kwa ajili ya nguzo za kujengea, na anayenunua nguzo ataka shina, ile ncha na matawi hubaki pale pale shambani. Omba ncha moja yenye umbo, itie kwenye ndoo ya mchanga, mwagia maji kila siku. Ikiisha sikukuu ni kuni hiyo, na kuni za mvinje ni kali mno, pilau ya mwaka mpya yaiva nayo.

SWALI: Mjomba nilinunua araukaria ya chungu, ule mti wa mapambo mfano wa mti wa krismasi, Disemba iliyopita nikaiweka sebuleni, matawi ya chini yote yamekauka. Nimeiua? (Kijana wa Mtwapa)

JIBU: Hujaiua, umeifunga jela. Itoe nje pole pole, kwanza kivulini, kisha juani, maji ukiona udongo wa juu umekauka. Matawi ya chini hayaoti tena, kubali tu. Chumvi ya bahari haiisumbui, mti wa kisiwani huo. Ndani iweke wiki mbili tu za sikukuu, na kilele usikikate hata siku moja, utaharibu umbo lake. Na usije ukaipanda chini ya waya za stima, utakuja kunililia, hukua kushinda mnazi.

SWALI: Vimulimuli, zile taa za mti wa krismasi, vyala stima sana? (Baba wa Likoni)

JIBU: Vya LED hapana. Vile vya zamani vya kuchoma vidole, ndio. Vyote vizime ukienda kulala, mti hauogopi giza.