Nasali usiku kucha, mbona wasiwasi hauondoki?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mkulima wa alizeti na mtama huku Mvumi. Mvua imekatika, hii ni wiki ya tatu. Marejesho ya VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, yamekaribia na mtoto anasubiri ada ya chuo. Kila usiku naamka saa nane nasali hadi saa kumi, lakini nikiinuka moyo unadunda kuliko nilivyoanza. Je, imani yangu ni ndogo?

JIBU: Amina, mama. Mtu anayeacha kitanda saa nane usiku kumtafuta Mungu, mimi simwiti mwenye imani ndogo. Kasoro naiona kwenye namna maombi yenyewe yanavyokwenda.

Soma 1 Petro 5:7: "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Wewe umebeba ndoo za maji, kutwika unakujua. Huwezi kumtwika mwenzako kwa kumsimulia uzito wa ndoo. Unaishusha kwako, unaiweka kichwani pake, unaachia mikono. Saa mbili za deni, mvua, ada, kisha deni tena, ni kuisimulia ndoo ikiwa bado kichwani. Ndiyo maana shingo inauma zaidi.

Angalia pia hilo neno "huku". Linauendeleza mstari wa 6, unaosema tunyenyekee chini ya mkono wa Mungu. Maana yake kumtwika ni sehemu ya kunyenyekea: kukubali kwamba kuna jambo lisilo kazi yangu. Wengi tunalia mbele za Mungu huku tumeling'ang'ania.

Basi chukua daftari, mchana, si usiku. Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika sehemu yako, kulia sehemu ya Mungu. Kwa deni, kushoto: kumwona mwenyekiti wa kikundi kabla ya siku ya marejesho, si siku yenyewe, na kumwambia kiasi ulichonacho. Kulia: mioyo ya wanakikundi. Kwa shamba, kushoto: kupalilia ili magugu yasinyonye unyevu uliobaki, na kuweka mbegu ya kurudishia. Kulia: mvua. Ukiona upande wa kushoto hauna kitu kabisa, jikague; mara nyingi tunasali ili tusiende kuongea na mtu. Upande wa kulia uombee kwa sentensi moja moja, kwa jina la jambo: "Baba, mvua ya shamba hili ni yako, nakuachia." Ukimaliza sema amina, inuka, ufanye jambo moja la kushoto siku hiyo hiyo.

Wafilipi 4:6 inaongeza "pamoja na kushukuru", na Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni. Shukuru kwa kitu cha leo chenye jina: maji yaliyopatikana, mtoto aliyepiga simu. Kushukuru mapema kwa mvua isiyonyesha ili kumbana Mungu ainyeshe ni biashara. Mstari wa 7 wenyewe hauahidi mvua; unaahidi amani itakayohifadhi moyo na nia. Nadhiri nazo acha. Mhubiri 5:5 inasema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Na anayekuuzia mafuta ya kuita mvua, mpite.

Kuhusu nyakati, Zaburi 55:17 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri, na Danieli naye alisali mara tatu kwa siku. Asubuhi kabla ya kuwasha moto, dakika kumi: zaburi moja kwa sauti, kisha daftari. Anza na Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, inafunguka kwa malalamiko, kwa hiyo huna haja ya kujifanya umetulia. Adhuhuri chini ya mti, Baba Yetu polepole, ukituama kwenye "utupe leo riziki yetu". Ni ya leo. Alizeti ya Aprili haimo humo. Jioni dakika tano za shukrani. Ukigutuka saa nane, sema "Bwana, nimeshakutwika," rudi ulale. Mkesha wa kanisani ni jambo jingine, huko mnabebana.

Sasa huo moyo kudunda. Nenda kituo cha afya wakupime presha na wingi wa damu, maana upungufu wa damu nao huupigisha moyo mbio. Usingizi ukikosekana wiki mbili, hamu ya chakula ikipotea, mwambie daktari waziwazi. Yakija mawazo ya kutaka kufa, usisubiri hata siku moja: mwambie mtu wa nyumbani akupeleke hospitali. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ipo hapa Dodoma kwa kazi hiyo, na kwenda huko si kumkana Kristo. Eliya alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, alilala, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, mara mbili, kabla ya Bwana kuzungumza naye Horebu. Ila dawa za usingizi usiazime kwa jirani.