Anayeweka saini ndiye mwenye kesi

Swali lenu la wiki hii: kampuni kubwa ikiumiza mji, nani aende mahakamani, mji wenyewe au serikali iliyo juu yake? Nimeona wasomaji wengi wamejibu harakaharaka kwamba serikali kuu bwana, ndo ina mawakili. Mi naishi Dayton, jimbo la Ohio, mwaka wa kumi na moja huu, na hilo swali huku watu wamelipigania mpaka mahakama ya rufaa, kwa hiyo mnivumilie nikiwa mrefu.

2017 nilikuwa natunza wazee majumbani, zamu ya usiku. Siku moja mjukuu wa bibi niliyekuwa namhudumia kaingia chooni hatoki, nagonga kimya, kufungua namkuta kakaa sakafuni kaegemea beseni, midomo kama ya mtoto aliyekula zambarau. Nikapiga simu, zimamoto wakaja hata dakika tano hazijafika, wakampulizia Narcan, dawa ya kumwamsha aliyezidisha dawa, pua moja, wapi, wakampulizia tena, ya tatu ndo akavuta pumzi na akaamka na matusi kana kwamba tumemharibia usingizi. Yule kijana wa zimamoto anaokota vichupa vyake ananiambia huyu wa nne tangu saa kumi na mbili jioni. Sasa jiulize, mafuta ya lile gari nani kalipa, ile dawa, ovataimu ya wale vijana, kitanda hospitali, na wale ambao hawakuamka, mochwari ni ya nani? Ni mji na kaunti. Mwaka huo kaunti yetu ya Montgomery, watu nusu milioni na kidogo tu, ilizika watu 566 waliokufa kwa kuzidisha dawa.

Na wengi hawakuanzia kijiweni, walianzia kwa daktari. Vidonge vya maumivu vya jamii ya afyuni, mtu kaumia mgongo kiwandani anaandikiwa, anaongezewa, dozi ikikatwa anahamia heroini, halafu fentanili, kali kuliko heroini, ndo ikaja kumalizia. Waliotengeneza walisema havileti uraibu kihivyo, waliosambaza walikuwa wanashusha mizigo tu.

Juni 2017 Dayton chini ya meya Nan Whaley wakafungua kesi dhidi ya watengenezaji na wasambazaji. Siku chache kabla, mwanasheria mkuu wa jimbo wakati huo, Mike DeWine, naye alikuwa ameshafungua yake kwa niaba ya Ohio nzima. Yaani washtakiwa karibu wale wale, majeraha yale yale, wadai wawili. Mwanzoni hakuna aliyejali, kila mtu alikuwa anafungua, kesi za miji na kaunti nchi nzima zikarundikwa kwa jaji mmoja wa shirikisho pale Cleveland, Dan Polster, zikapita 2,000. Jaji akachagua kaunti mbili za Ohio ziwe za kwanza kusikilizwa, Cuyahoga ambayo ndo Cleveland yenyewe na Summit ambayo ni Akron.

Hapo ndipo moto ukawaka. Agosti 2019 mwanasheria mkuu mpya wa Ohio, Dave Yost, akaenda mahakama ya rufaa akaomba kesi za hizo kaunti zisimamishwe. Sio kampuni za dawa zilizoomba jamani, ni jimbo lao wenyewe! Hoja yake ni kwamba madhara ni ya watu wote wa Ohio, na msemaji wa watu wote wa Ohio ni mmoja, jimbo, kaunti mbili haziwezi kutangulia mezani zikachota wakati zingine zinasubiri. Majimbo mengine kadhaa yakamuunga mkono. Kichekesho ni kwamba DeWine, ambaye wakati huo alishakuwa gavana na ndo alifungua kesi ya jimbo, yeye hakupendezwa na wazo la jimbo kuzichukua kesi za miji na kaunti. Oktoba 10 mahakama ikakataa ombi, na asubuhi ya Oktoba 21, siku ambayo kesi ilikuwa ianze, kampuni zikamalizana na hizo kaunti mbili kwa dola milioni 260. Milioni 215 kati ya hizo zilitoka kwa wasambazaji watatu wakubwa, McKesson, Cardinal na AmerisourceBergen.

Nimtendee haki Yost maana ana pointi. Ohio ina kaunti 88. Kule kusini milimani kuna kaunti zilizoumia kuliko Cleveland lakini ofisi ya sheria ni mtu mmoja na mashine ya fotokopi inayokwama, hao wanategemea mawakili wa kula asilimia ya hela itakayopatikana, na mawakili hao hawakimbilii kijiji, wanakimbilia palipo na watu wengi. Na kampuni ikifilisika njiani aliyechelewa anabaki na karatasi. Haya ni kweli, siwezi kuyapuuza.

Ila sasa mwangalie jimbo likiachiwa peke yake linafanya nini. 1998 majimbo 46 yalimalizana na kampuni za sigara, dola bilioni 206 za kulipwa ndani ya miaka 25. Mtu angedhani zinaenda kwa mapafu ya watu. Nyingi zilizibia bajeti, na Ohio yetu 2007 iliuza hati fungani za zaidi ya dola bilioni 5 kwa kutegemea malipo yajayo ya sigara ili ipate hela mkononi mara moja, kwa sehemu kubwa ikajengea mashule. Shule ni kitu kizuri sikatai, watoto wangu wanasoma humo pengine, lakini mzee anayekohoa damu hatibiwi na darasa jipya. Kwa hiyo miji ilipoona hela za vidonge zinanukia, ikakumbuka sigara. Nani angewalaumu.

Na mfano unaonikaa kichwani zaidi sio hata Ohio, ni jirani zetu West Virginia. Jimbo lilimalizana na wasambazaji wale wale watatu mmoja mmoja: 2017 Cardinal milioni 20, AmerisourceBergen milioni 16, 2019 McKesson milioni 37. Jumlisha, 73. Kwa jimbo zima, jimbo lililokuwa linaongoza Marekani kwa vifo vya kuzidisha dawa! Wakati kaunti mbili za Ohio, ambazo ukijumlisha watu wake wanakaribia kabisa watu wa West Virginia yote, zilipata 215 kwa wale wale. Halafu 2022 miji na kaunti za West Virginia zaidi ya mia zilizokuwa zimeshikilia kesi zao zikaja kupata milioni 400 kutoka kwa hao hao watatu. Sasa wangekuwa wamefungwa na saini ya jimbo? Wangekuwa wanatazama tu.

Lakini nisiwadanganye kwamba mji ukienda peke yake ndo raha. Mji wa Huntington na kaunti yake ya Cabell, huko huko West Virginia, ambako vilishushwa vidonge milioni 81 ndani ya miaka minane kwa watu kama laki moja, walikwenda mpaka mwisho wa kesi bila kumalizana, na Julai 4, 2022 jaji akawaambia hamna kitu. Wakakata rufaa, na ndo maisha yakawa mahakamani. Ukishikilia kesi yako unashikilia na hasara yake.

Sasa nifike kwenye ninachotaka kusema. Watu wanabishana nani AFUNGUE kesi, mi naona ugomvi sio hapo. Kufungua mtu yeyote anafungua. Ugomvi wa kweli uko kwenye nani anaweka saini ya kuimaliza, maana hiyo saini inaweza kuzika na kesi ya mwenzio. Kwenye katiba ya Marekani neno mji halipo kabisa, kisheria mji ni mtoto wa jimbo, jimbo limeuzaa na linaweza kuunyamazisha. Na limeshafanya. 1998 New Orleans ilishtaki watengenezaji wa bunduki, mwaka uliofuata bunge la Louisiana likatunga sheria kwamba kesi ya aina hiyo ni ya jimbo tu, mji hauruhusiwi, na ikarudi nyuma kuishika hata ile iliyokuwa imeshafunguliwa. 2001 mahakama ya juu kabisa ya Louisiana ikasema ndiyo, bunge lina uwezo huo. Je jimbo lenyewe likaenda kushtaki baada ya kumpokonya mtoto kesi? Thubutu. Mji wa Gary, jimbo la Indiana, nao walifungua kesi ya bunduki 1999, na 2024 bunge lao likapitisha sheria kama hiyo hiyo. Miaka 25 kesi iko hai ndo wanakumbuka kwamba ni ya jimbo.

Na wasomaji wa nyumbani Tanzania msicheke, kwetu tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 ukitaka kuishtaki hata halmashauri ya wilaya yako kwa mfereji uliobomoa ukuta, lazima utoe notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali na uende Mahakama Kuu. Mfereji uko Muheza, kesi iko Tanga mjini.

Ohio mwishowe walikaa chini, na hapa nawapa heshima. Baada ya kupigana 2019, mwaka uliofuata jimbo na miji wakaandikiana mkataba mmoja, kila hela inayoingia asilimia 30 kwa serikali za mitaa, 15 kwa jimbo, 55 kwa mfuko maalumu ambao kwenye bodi yake kuna watu wa mikoa. Ile suluhu kubwa ya nchi nzima ya dola bilioni 26 ilipokuja 2021 Ohio walishajua watagawanaje, na kwa kuwa kampuni zilikuwa zinatoa zaidi kadiri miji mingi inavyokubali kusaini, ghafla mameya wakawa wanapigiwa simu kwa adabu. Mnaona? Saini yao ilipohitajika ndo wakasikika. Sio kwamba mkataba hauna mawaa, ule mfuko wenye asilimia 55 ulidai kumbukumbu zake si za umma, watu wakaenda mahakamani na 2023 mahakama ya juu kabisa ya Ohio ikasema zifunguliwe.

Kwa hiyo jibu langu: jimbo lifungue kesi, lilipe mawakili, liwabebe na wale wa mashine ya fotokopi, lakini lisiwe na ruhusa ya kufuta kesi ya mji bila mji kusaini. Mji ukikataa, ubaki na kesi yake na hatari zake kama Huntington. Yost angesema hapo kampuni hazitakubali kulipa, maana zinataka amani ya mara moja na wote. Pengine. Ila zililipa Akron.

Mgao wa Ohio kutoka kwa wale wasambazaji watatu ni dola milioni 808 za kulipwa kwa miaka 18. Mwanangu wa mwisho yuko darasa la pili, atamaliza sekondari awamu za mwisho zikiwa bado hazijaingia.