Jibu: Je, roboti inajua kwamba nimekasirika?

Ndugu, umeuliza kama roboti hizi za maprofesa wa uhandisi, kama ile mnayotaka kuuziwa shuleni kwenu, zinahisi hasira yako kweli. Hazihisi, zinakisia tu. Kamera inasoma nyusi na midomo, maikrofoni inapima sauti, kisha programu inalinganisha na mifano ya nyuso na sauti iliyofunzwa nayo. Rosalind Picard wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia Marekani, aliupa uwanja huu jina la “affective computing” (kompyuta zinazoshughulika na hisia) miaka ya 1990. Palepale MIT, Cynthia Breazeal akaunda Kismet, kichwa cha roboti chenye nyusi na masikio yanayochezacheza.

Shida ni hiyo mifano. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kuwa programu za kutambua jinsia kwa uso zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, lakini makosa hayakufika asilimia 1 kwa wanaume weupe. Na hiyo ni jinsia tu! Hapa Kampala mtu anakusalimia kwa upole huku moyoni anachemka (kondakta wa teksi tumtoe kwenye hesabu). Tena Kiganda ni lugha ya toni: sauti ikipanda, huenda ni neno tu, wala si hasira.

Kwa hiyo anayetaka kuiuzia shule yenu mtambo huo, mwulize ulifunzwa kwa nyuso na sauti za nani. Umoja wa Ulaya umeshaipiga marufuku mitambo ya kukisia hisia mashuleni na kazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama.