Kamera yako iko mikononi mwa nani?

Juzi dada mmoja anayenisoma, mpiga picha anayechipukia huko Mbagala, kaniandikia meseji ndefu. Alipeleka flashi na lenzi kwenye duka moja mjini tangu kabla ya Pasaka, akalipa kianzio, na hadi leo kila akipiga simu anaambiwa spea iko njiani. Akamalizia: "Kaka, niendelee kuvumilia au niende polisi?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilikasirika upya, kwa sababu hilo neno "njiani" nalijua. Limenila pesa, limenila usingizi na limenipotezea mteja mmoja ambaye hadi leo tukikutana Mlimani City anageuza shingo.

Mnaonifuatilia mnajua nilikotoka. Nilianza na kamera ya kuazima, nikipiga sendofu za mtaani Tandika kwa malipo ya nauli na sahani ya pilau. Miaka ya katikati naiacha, haina utamu. Leo nina vijana ninaowalipa, nina wateja wanaoniwekea tarehe kabla hata ya kamati ya harusi kukaa kikao cha kwanza, na sioni aibu kulisema hilo. Nyinyi mnaosoma hapa mnataka kufika huko au kupita, la sivyo msingekuwa mnasoma. Basi sikilizeni, kwa sababu duka la matengenezo linaweza kukurudisha Tandika kwa msimu mmoja tu.

Kamera yangu iliyoharibika ilikuwa Canon 5D Mark IV. Ilipotoka mwaka 2016 iliuzwa Marekani dola 3,499 bila lenzi, na mimi niliipata ikiwa imetumika, kwa pesa ambayo mke wangu aliitaka iwe ya bati. Siku moja tuko ukumbini Sinza, MC kashasimamisha watu, maharusi wanaingia, nabonyeza, kioo kinaandika Err 20. Nazima, nawasha, nabonyeza, Err 20. Kijana wangu alikuwa na kamera ya pili, akaokoa jahazi. Bibi harusi hakujua kitu. Mimi nilijua, na shati lilikuwa limenilowa.

Ilikuwa shata. Kwa wasiojua, ni yale mapazia membamba yanayofunguka na kujifunga mbele ya sensa ya kamera kila unapobonyeza. Kwa modeli ile kiwanda kinataja uwezo wa mibonyezo 150,000. Piga hesabu ya kazi zetu: ukibonyeza mara 2,500 kwa harusi moja, na kwa harusi za Dar zenye kuingia, kukata keki, kulishana na zawadi za shangazi hilo ni jambo la kawaida, basi harusi 60 zinaimaliza. Shata kufa ni uchakavu, kama tairi. Hapo sikuwa na ugomvi na mtu.

Ugomvi ulianza nilipoipeleka kwenye duka zuri. Nasema zuri kwa maana ya kiyoyozi, sofa, cheti ndani ya fremu ukutani na dada wa mapokezi mwenye sare. Wakaipokea, wakaniandikia karatasi: "Kamera 1, mbovu." Basi. Hakuna namba ya seriali, hakuna tarehe ya kuchukua, ila chini kuna maandishi madogo kwamba mali isiyochukuliwa ndani ya siku 90 si jukumu lao. Wakataka kianzio. Wakataka na lenzi ibaki, eti kwa majaribio. "Wiki moja tu, bosi wangu."

Wiki moja ikawa ya pili, na mnajua inavyoendelea. Spea inatoka Dubai. Spea imekwama bandarini. Umeme ulikatika. Fundi kafiwa na shangazi. Baadaye fundi kafiwa tena, na shangazi huyohuyo kama kumbukumbu zangu za WhatsApp hazidanganyi. Kisha bei ikapanda, kwa sababu "tumefungua tumekuta na ubao wa saketi umeguswa na maji." Kamera haijawahi kuona maji! Nakodi kamera za watu kila Jumamosi, faida yote ya harusi inaishia kwa mwenye kamera, na huku napanda mwendokasi kwenda kuulizia mali yangu mwenyewe.

Nikienda, naongea kwa unyenyekevu. Hili naomba mlitazame. "Samahani kwa usumbufu dada yangu, naomba kuulizia ile kamera." Samahani ya nini? Usumbufu upi? Mimi ndiye niliyelipa! Lakini ndivyo tulivyolelewa, na wenye maduka wanalijua hilo na wanalitumia. Siku niliyoacha samahani na kuuliza kwa sauti ya kawaida, yule dada akaniambia mbele ya wateja waliojaa kwenye sofa: "Kaka, humu ndani wewe siyo mteja peke yako." Watu wakaniangalia kama mkorofi. Nimetukanwa na walevi wa ukumbini nikasahau asubuhi yake. Hilo sijalisahau.

Ukweli niliupata kwa bahati. Mpiga picha mwenzangu alikwenda Kariakoo kwa fundi wake, ghorofani nyuma ya Mtaa wa Aggrey, akaona kamera yenye stika ya kampuni yangu. Akanipigia: "Chombo chako si kilikuwa mjini?" Nilifika pale jasho linanitoka. Chumba kidogo, feni, meza, taa ya kumulikia, na mzee mmoja mtulivu aliyekuwa anatoa chaji kwenye kapasita ya flashi. Akaniambia nikae mbali kidogo, maana kile kidude kinashika hadi volti 300 hivi hata betri ikiwa imetolewa. (Nyinyi mnaofungua flashi kwa kisu cha jikoni kwa sababu mmeona video, acheni.)

Nikamuuliza kuhusu kamera yenye stika. Akaitoa kwenye mfuko wa nailoni. "Hii nimeletewa juzi," akasema. "Nimeambiwa mwenyewe hana haraka."

Mwenyewe hana haraka! Wiki zote zile kamera ilikuwa imekaa kabatini mjini. Lile duka halikuwa na fundi hata mmoja. Lina mapokezi. Linakusanya vifaa vya watu, linasubiri vijae, linavipeleka Kariakoo, linaongeza bei yake, na katikati linatunga misiba. Mzee akanitajia anachowatoza wao, na haikufika nusu ya nilichotajiwa mimi. Ubao ulioguswa na maji? Hakuuona. Shata ya modeli ile huja ikiwa kipande kizima, akanieleza, na ukiwa nayo mkononi kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Kinachochukua muda ni watu.

Nikamwomba anipe kamera yangu. Akakataa. "Mwanangu, si wewe uliyeniletea." Nilichukia pale pale, lakini nikiwa kwenye ngazi nikamheshimu. Huyo ndiye mtu wa kumwachia kamera.

Nikarudi mjini, safari hii na barua. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwangu leo, ni barua. Simu wanaikata, WhatsApp wanaiacha na tiki mbili za bluu, lakini barua inawasumbua watu wa nchi hii kwa namna ya ajabu. Niliandika namba ya seriali ya kamera na ya lenzi, tarehe niliyoikabidhi, kianzio nilicholipa, na kwamba nataka vyote ndani ya siku saba. Nikataja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inamlinda mlaji wa bidhaa na huduma, na kwamba nakala itakwenda Tume ya Ushindani, ile tuliyozoea kuiita FCC. Nikatoa nakala mbili, nikaomba yangu igongwe muhuri wa "imepokelewa." Dada akasema muhuri anao bosi. Nikamwambia nitamsubiri bosi kwenye sofa, si limewekwa kwa ajili ya wateja?

Bosi alikuja baada ya mchana, mpole ajabu. Akaanza na "ndugu yangu." Nikamwomba pia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya kile kianzio, kwa sababu nilichopewa ni karatasi ya kitabu tu. Hapo uso ukabadilika kabisa, na haraka ambayo haikuwepo tangu mwanzo ikapatikana. Kamera nikaipata, kianzio nikakipata, ukiondoa walichokiita gharama ya ukaguzi. Ukaguzi gani, wakati aliyefungua ni mtu mwingine? Niliwaachia ili niondoke. Bado inaniuma.

Na lenzi ikarudi na kuvu. Masika yote ilikuwa imefungiwa kwenye kabati lao. Dar mnaijua, hewa inabeba maji mwaka mzima, na kuvu wa lenzi huanza kustawi unyevu ukishavuka asilimia 60 na hewa haizunguki. Ukimulika kwa tochi unaona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo. Ukiwahi, fundi anasafisha. Ukichelewa, kuvu anakula ule mpako wa kioo na hapo hakuna fundi. Nyumbani weka lenzi kwenye boksi lenye mfuniko unaobana pamoja na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, na kipimo cha unyevu, kisome kati ya 40 na 50. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kusafisha lenzi moja.

Sasa ushauri, maana najua wengine mmeruka hadi hapa. Uliza duka: nani anafungua kifaa changu, na anafungulia wapi? Wakisema "tuna mafundi wetu," omba kumwona mmoja. Wakianza kuzunguka, beba kamera yako uondoke. Hakikisha karatasi ina namba ya seriali, tatizo, makadirio ya bei na tarehe. Piga picha kifaa kila upande mbele yao, pamoja na skrubu. Betri, kadi, mkanda na lenzi rudi navyo, isipokuwa tatizo liko humo. Na uandikishane. Nimesema tayari? Narudia, andikishana. Na wewe dada wa Mbagala, polisi waache kwanza, andika barua.

Wenye maduka nao, kama mnasoma: kutuma kazi Kariakoo si dhambi. Semeni tu. Mteja akiambiwa "fundi yuko nje, spea itachukua mwezi na nusu" atapanga maisha yake, atakodi, ataazima. Mnapomwambia kesho kila siku mnamfanya asipange chochote, halafu mnashangaa akipandisha sauti. Kama biashara yako inaendeshwa kwa misiba ya uongo, hujachelewa, kauze maji ya kunywa.

Siku ya kuchukua, usilipe salio kabla ya kujaribu. Piga picha mfululizo pale pale kaunta, kwa kasi ndogo na kasi kubwa, soma namba ya seriali ulinganishe, na kama uliacha betri angalia kama ni yako maana orijino hugeuka feki njiani. Chukua kipande cha zamani walichokitoa, ni chako. Wakikuona msumbufu, vizuri.

Yule mzee ndiye aliyeiweka shata mpya baadaye, nami mwenyewe niliipeleka kwa mkono wangu. Ana daftari kubwa la kaunta. Kila kifaa kina mstari wake, seriali, tatizo, tarehe, sahihi ya mwenyewe na sahihi yake. Namba yake ya simu siiweki hapa na msiniombe kwenye meseji. Foleni yake imeshakuwa ndefu, harusi za Juni zinakuja, na flashi yangu moja bado iko pale mezani kwake.