Barua kwa Zawadi: Kabla Hujauza Kiwanja

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako tumeupata, na baba yako nimemsomea wote. Unasema ulikwenda Koinonia, lile shamba la Wakristo wanaoishi kwa ushirika karibu na Americus, jimbo la Georgia huko Marekani, ukaokota pekani, zile kokwa za mtini, ukala nao mezani, na sasa unataka kurudi ukae kabisa. Ukauliza: "Mama, hawa wana tofauti gani na Shakahola?" Halafu pembeni, kama jambo dogo tu, ukagusia kuuza kiwanja cha Kitengela.

Swali ni la haki. Tangu mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ilipofukuliwa kule msituni Shakahola, hapa kwetu mtu akisikia Wakristo wamehamia porini kuishi pamoja, anashtuka kwanza.

Koinonia nimewasoma tangu nilipokuwa nafundisha dini. Familia mbili, ya Clarence Jordan na ya Martin England, zilianza mwaka 1942 kwenye ekari 440. Jordan alikuwa na shahada ya kilimo, tena udaktari wa Agano Jipya la Kigiriki. Mfuko wao ulikuwa mmoja, kama Matendo ya Mitume sura ya pili. Nadhani hilo majirani wangelivumilia. Kilichowachoma ni Mweusi na Mzungu kulipwa sawa na kula meza moja. Mwaka 1950 kanisa lao la Kibaptisti likawafukuza ushirika. Kuanzia 1956 ikawa hawauziwi mbolea, mbegu wala petroli. Bima zikafutwa, kibanda chao cha barabarani kikalipuliwa kwa baruti, nyumba zikamiminiwa risasi usiku. Wakaitwa wakomunisti. Walipokosa wateja hapo kwao, wakaanza kutuma pekani kwa posta kwa watu wa mbali, biashara ambayo ndiyo iliyokuweka wewe chini ya ile miti.

Lakini kuchukiwa si ushahidi wa utakatifu, mwanangu. Hata wahubiri matapeli hujisifu kwamba wanateswa. Mimi naangalia pesa ya mgeni inaenda wapi.

Jordan alisimulia kisa cha mwanamke tajiri aliyetaka kujiunga nao. Akamwambia akagawe kwanza mali yake yote kwa wengine, ndipo aje, mikono mitupu. Mama wa watu akashangaa: si mngeifanyia kazi hapa? Akajibiwa kwamba akija nayo, wao wataacha kulima karanga na kuanza kubishana theolojia, na yeye atabaki akijiuliza kama anapendwa yeye au fedha zake. Nitajie mchungaji wa hapa mtaani anayeweza kumrudisha mtu wa namna hiyo mlangoni.

Hata hivyo kasoro zilikuwepo. Weusi waliojiunga rasmi walikuwa wachache, na siwashangai: mtu ambaye babu yake alinyimwa ardhi, umwambie aachilie hata hiki kidogo alichokipata? Mwaka 1968 Jordan na Millard Fuller wakageuza mpango, wakaanza kujenga nyumba na kuwauzia majirani maskini bila riba, kila familia iwe na yake. Jordan akafariki mwaka uliofuata. Fuller alipeleka kazi hiyo hadi Mbandaka, Zaire ya wakati ule, na mwaka 1976 ikazaliwa Habitat for Humanity, shirika la kuwajengea maskini nyumba. Kwa hiyo hata wao waligundua kwamba maskini anahitaji hati mkononi.

Basi nenda ukakae, sikukatazi. Kaa mwaka kwanza. Waulize bila haya aliyeondoka karibuni aliondoka na nini, na kama bado anaalikwa chakula. Mtafute mwenyewe, uongee naye wenyeji wako wasipokuwepo.

Kiwanja usiuze. Hati baba yako ameshaiondoa kabatini tangu jana, na mahali alipoiweka amekataa kuniambia hata mimi.

Mama yako